Mkono Nyuma ya Seva

Walimwita Bwana Prosesa, na zamani jina hilo alitembea nalo kifua mbele. Zamani, nasema! Enzi zile karibu kila seva ilikuwa na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, za kampuni yake, na yeye muuzaji wao hakukosa kiti kwenye ofisi yoyote kubwa. Kisha wapinzani wakaleta prosesa zao, zenye kasi na zisizokula umeme mwingi. Wateja wakahama bila hata kuaga. Ndiyo walivyo, jamani: mambo yakikunyookea wewe ni ndugu yao, yakienda kombo hawapokei hata simu.

Akabaki mteja mmoja wa maana, kampuni ya bima, na mkuu wa seva zake alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Asubuhi hiyo bosi alipiga simu: "Leo wanaamua wanunue za nani. Ukimkosa huyo, funga ofisi urudishe funguo." Mkewe alimficha habari hiyo. Aliacha chai mezani, akaondoka.

Shemeji alimpokea mlangoni mwa chumba cha seva kwa utani wake wa siku zote. "Karibu, mla dada yetu! Mbona umekonda, au siku hizi hakupikii?"

"Acha masihara, shemeji. Leo nimekuja kuomba."

Ndani, seva mbili zilikuwa zinanguruma bega kwa bega, moja yenye prosesa ya kampuni yake, nyingine ya wapinzani, zote zimepewa kazi ileile. Nembo zilifunikwa kwa plasta.

"Sitaki watu waseme nimempendelea shemeji yangu," alisema yule mdogo mtu. "Chagua wewe. Si wewe ndiye uliyenifundisha nisiamini makaratasi, niweke mkono nyuma ya seva? Utakayochagua, ndiyo nitakayonunua. Wakubwa wameniachia."

Alikunja mkono wa shati. Akaweka mkono nyuma ya seva ya kushoto: upepo wa moto, feni zinalia kama zimefiwa. Akahamia ya kulia: uvuguvugu tu, na kazi ilikuwa imeshapita nusu. Moyo ukamruka. Makao makuu si waliapa kwamba toleo lao jipya halipati joto? Ee Mungu, kumbe hawakumdanganya!

"Rudia, shemeji," alisema mdogo mtu, sauti imeshuka. "Usikimbilie. Ya kushoto nayo si mbaya."

"Unataka kunichanganya, mchokozi wewe! Hii mikono imeanza kazi hujaota ndevu. Ya kulia!"

Shemeji hakucheka. Alisimama pale kana kwamba anasubiri abadili neno, kisha akabandua plasta ya kulia polepole. Ilikuwa nembo ya wapinzani.

Bwana Prosesa aliitazama mpaka macho yakamuwasha. Mkono wake ulikuwa bado uko nyuma ya seva ile, kwenye uvuguvugu, akashindwa kuuondoa.

"Nilikwambia urudie," shemeji alisema, machozi yakimlengalenga. "Kaka, nilikwambia."

Simu ikaita mfukoni. Ilikuwa ya bosi.

"Haya, shemeji yako amechagua ya nani?"

"Hakuchagua yeye," alisema, huku mkono mwingine ukipapasa funguo za ofisi. "Nimechagua mimi."