Gurudumu la Nyuma, Kushoto

Siku taa zilipowaka mara ya kwanza nilikuwa na mamangu garini, twaenda kwa mamangu mdogo, Ganjoni. Ilikuwa Alhamisi, yapata saa nne asubuhi. Tulipokaribia mzunguko nilikanyaga breki taratibu, nikahisi kanyagio linatetemeka chini ya mguu wangu, kana kwamba kuna mtu anayekwaruza sakafu ya gari kwa nje. Papo hapo taa tatu za manjano zikawaka nyuma ya usukani kwa pamoja.

"Ni nini hiyo?" mamangu akauliza.

"Si kitu, mama. Ni taa tu."

"Kama si kitu, mbona umenyamaza?"

Akashika mkono wa mlango, na hakuuachilia mpaka tulipofika.

Gari lenyewe ni dogo, jeupe, la umeme, na nililinunua likiwa limeshatumika Japani. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kushughulikia karatasi za magari ya watu yanayoingia bandarini, katika afisi iliyo juu ya godauni moja Shimanzi, na miaka yote hiyo nilikuwa nikienda kazini kwa tuktuk. Kilichonifanya ninunue langu ni magoti ya mamangu. Nyumba yetu i ndani ya Mji wa Kale, na ngazi zetu ni za zamani, nyembamba na ndefu. Akishazishuka zile ngazi, hakuwa na nguvu tena ya kupanda na kushuka tuktuk. Basi akaacha kutoka. Mwaka mzima dadake wa pekee alikuwa akimsikia kwa simu tu, na wote wawili wako kisiwa kimoja.

Gari lilipokuja, Alhamisi ikawa siku ya mamangu. Alikuwa akivaa mapema, buibui lake limepigwa pasi, akanisubiri kwenye kiti karibu na mlango. Mwanzoni hakulipenda. "Gari hili halisemi," alikuwa akiniambia. "Lakwenda kama paka." Lakini alilizoea. Mimi nililipenda tangu siku ya kwanza, hasa kwa jambo moja: ukiinua mguu tu, gari hujishika lenyewe, likapunguza mwendo na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Nikishuka mteremko wa Liwatoni, sikuwa na haja ya kugusa breki hata kidogo.

Siku ile tulipokuwa tukirudi kutoka Ganjoni, niliinua mguu na gari halikujishika. Liliteleza mbele, jepesi, kama halina habari nami. Nikakanyaga breki, na mtetemo ukarudi.

"Mimi sipandi tena," mamangu alisema tulipofika nyumbani. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekata shauri la kutokula chumvi.

Mafundi wawili niliowauliza kwanza hawakutaka hata kufungua boneti. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba umeme wa gari lile ungeweza kumuua na yeye ana watoto. Wa tatu ndiye aliyenipokea. Karakana yake iko karibu na Liwatoni. Ni mtu wa bara, wa makamo, mpole wa maneno, ambaye kwa miaka alikuwa akitengeneza redio na vipima kina vya mashua za wavuvi kabla ya kujifunza magari ya umeme. Alichomeka kifaa chake chini ya usukani, akasubiri, akasoma.

"Betri yako haina neno, mama. Ni sensa ya gurudumu la nyuma, kushoto."

"Sensa ni ya nini?"

"Inahesabu mzunguko. Kila gurudumu lina yake, zote nne zinapeleka hesabu kwa kompyuta. Moja ikisema uongo, kompyuta inadhani lile gurudumu limekwama, linateleza. Inaingilia breki, ndiyo unasikia ule mtetemo. Ikishindwa kabisa kuelewa, inawasha taa na kuzima ile kazi ya gari kujishika."

Alitoa sensa ya zamani, kidude cheusi kisichozidi kidole, akatia nyingine. Taa zikazimika. Nilikwenda mpaka ncha ya Kizingo na kurudi, nikiinua mguu mara kwa mara kwa raha ya kulihisi gari likijishika. Nikampigia simu mamangu mdogo, nikamwambia Alhamisi tunakuja.

Siku ya nne taa zikawaka tena, zote tatu, na mtetemo ule ule.

Nikirudi Liwatoni siku hiyo nilikuwa nimeyapanga maneno njiani. Nilijiambia kwamba fundi amenitilia kitu kibovu, na kwamba ameona mwanamke asiyejua gari. Nimefanya kazi Shimanzi muda mrefu, na najua jinsi mtu anavyouziwa kitu kibovu kwa maneno matamu. Nilimkuta akinawa mikono. Akanisalimu, akaniuliza hali, akauliza hali ya mamangu na magoti yake, ambayo nilikuwa nimeyataja kwa kupita tu mara ya kwanza. Ilinibidi nijibu. Nilipomaliza kujibu, maneno yangu yalikuwa yamepoa, lakini si yote.

"Fundi, ile sensa uliyonitilia ni nzima kweli?"

Akajifuta mikono. "Hata mimi nitataka kujua. Twende tukaizungushe."

Aliendesha yeye, nami nikakaa ubavuni na kile kifaa mapajani. Kwenye kioo chake kulikuwa na namba nne, moja kwa kila gurudumu. Aliniomba nizisome kwa sauti.

"Ishirini, ishirini, ishirini, ishirini," nikasoma. "Ishirini na tano zote. Sasa thelathini. Thelathini." Halafu namba ya chini kushoto ikaruka. "Kumi na moja. Thelathini. Sufuri. Thelathini tena."

"Na zile nyingine?"

"Zimetulia."

Nilijisikia kama nimeonyeshwa mapigo ya moyo ya mtu. Magurudumu matatu yalikuwa yakienda pamoja, na la nne likipoteza hesabu na kuiokota tena. Tuliporudi sikuwa tena na haja ya kugomba. Nilitaka kuona.

Alilipandisha gari kwa jeki, akatoa gurudumu, akaitoa na ile sensa mpya. Akaniita nisogee. Ndani, nyuma ya beringi, kuna ringi nyembamba ya sumaku inayozunguka pamoja na gurudumu, na sensa huisoma hiyo. Ringi yenyewe haikuonekana vizuri. Ilikuwa imeota manyoya meusi, mafupi, yamesimama kama nywele za mtu aliyeshtuka. Fundi aligusa kwa ncha ya bisibisi na manyoya yakainama, yakasimama tena.

"Chuma," akasema. "Unga wa chuma. Sumaku inaukusanya, sensa inashindwa kuhesabu. Juzi nilipobadilisha, niliufuta kidogo kwa kitambaa bila kujua ni nini, ndiyo maana gari ilikaa siku nne. Ile sensa yako ya kwanza labda haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeharakisha."

Aliyasema hayo bila kujitetea, akiwa amechuchumaa, na mimi ndiye niliyetazama pembeni.

Kuusafisha ilikuwa kazi ya subira. Kitambaa kilihamisha tu unga kutoka hapa hadi pale. Mwisho alichukua utepe wa gundi, akaubandika kwenye ringi na kuubandua, akaubandika na kuubandua, kila mara ukitoka mweusi. Akazitazama na zile tatu nyingine. Ya mbele kushoto ilikuwa na vumbi kidogo. Za kulia zilikuwa safi.

"Gari yako inalala wapi, mama?"

"Ukingoni mwa Mji wa Kale, mbele ya duka la vitambaa. Kwetu halifiki."

"Na mchana?"

"Shimanzi. Nalichaji kazini, nyuma ya godauni."

"Pale nyuma kuna nini?"

Nilifikiri. "Ukuta," nikamwambia.

Hilo ndilo lililokuwa jibu langu la kweli. Mkubwa wangu alikuwa ameniruhusu kutumia soketi ya nyuma, na kila siku nilifika mapema, nikachomeka waya, nikapanda ngazi kuingia afisini. Saa kumi na moja nilishuka, nikachomoa, nikaenda zangu. Sikuwahi kulitazama gari langu saa sita mchana.

Jumatatu niliteremka saa nne unusu. Hatua kumi hivi kutoka lilipo gari, mafundi wawili walikuwa wakikarabati milango ya makontena. Mmoja ameshika grenda ya kukatia chuma, na cheche za chuma zilikuwa zikiruka kwa mkondo mmoja mrefu, zikianguka sakafuni upande wa kushoto wa gari, nyuma. Sauti ile nilikuwa nikiisikia kila siku juu afisini. Lakini Shimanzi sauti ya chuma haimfanyi mtu asimame kuuliza.

Kilichonisimamisha ni gari. Lilikuwa limefunikwa. Turubai kuukuu la buluu lilikuwa limetandazwa juu yake lote, kutoka boneti hadi nyuma, na ncha zake zimefungwa kwa kamba, vizuri kabisa, hata kioo cha pembeni kimeviringishiwa gunia.

Yule wa grenda alizima mashine aliponiona. Namfahamu kwa salamu tu, Mduruma, mtu wa miaka kama yangu.

"Dada, samahani," akasema. "Tulidhani hutateremka saa hizi."

"Nani amelifunika?"

"Sisi. Cheche zaharibu rangi na vioo. Twalifunika asubuhi ukishapanda, na twalifunua kabla hujashuka."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuliweka hapa."

Turubai lilifika mpaka juu ya magurudumu, likaishia hapo. Nikachuchumaa, nikamwonyesha sakafu karibu na tairi la nyuma, ilivyokuwa nyeusi na laini kama imemwagiwa unga wa makaa. Nikamweleza habari ya sumaku. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mwenzake akamwambia kwa Kiduruma maneno ambayo sikuyaelewa, na wote wawili wakawa na uso wa watu waliopika vizuri wakasahau kuosha sahani.

"Sasa twahama sisi," akasema.

"Hapana, nahama mimi. Nyinyi mlikuwa hapa kwanza."

Jioni hiyo nilimweleza mkubwa wangu, naye akaniruhusu kutumia soketi iliyo karibu na geti, upande wa pili wa uwanja. Yule fundi wa milango mwenyewe alinivutia waya mpaka pale na kuufunga ukutani usikanyagwe na malori.

Nilipita Liwatoni kumpa habari fundi wa magari. Alicheka kwa habari ya turubai, akaomba nimweleze mara mbili. Nikamwambia, "Nilikudhania vibaya ile siku."

"Nilijua," akasema. "Lakini hata mimi nilijidhania vibaya. Usiku mzima nilikuwa nikiwaza nimekosea wapi."

Mamangu alikuwa kazi nyingine. Hakutaka kuambiwa tu kwamba gari limepona. Nikaketi naye, nikamweleza yote tangu mwanzo: namba nne, manyoya ya chuma, utepe wa gundi, cheche. Nilipofika kwenye habari ya turubai akaniinulia mkono nikome hapo.

"Wamelifunika kila siku, na hukujua?"

"Sikujua, mama."

"Na umewashukuru?"

Nilikuwa nimesema asante, lakini kwa namna ya mtu mwenye haraka. Akalijua hilo kwa kunitazama. Asubuhi yake nilikwenda kazini na bakuli la mahamri na mbaazi za nazi, limefungwa kitambaa, na wale mafundi wawili walikaa kwenye kivuli cha kontena wakala mpaka wakalimaliza.

Alhamisi mamangu alikubali kupanda. Alikaa na mkono kwenye mlango mpaka tulipofika mzungukoni. Niliinua mguu. Gari likajishika, pole pole, bila mtetemo, likaingia mzungukoni kama lilivyokuwa likifanya zamani. Taa hazikuwaka. Nilisikia mkono wake ukiachia mlango, kisha akafungua mkoba na kuanza kutafuta simu.

"Pitia njia ya bahari," akaniambia. "Yule dadangu hatakuwa amevaa bado. Tukifika sasa atatukalisha sebuleni nusu saa tukitazama mapazia yake mapya, na mapazia yenyewe hayapendezi."

Nikazungukia njia ya bahari. Akampigia dadake kumwambia tuko njiani, avae upesi.