Shamba Langu la Mteremkoni

Wenzangu waliijua milima ya Uluguru kwa macho; mimi niliijua kwa pua. Miguu yangu ilikauka nikiwa bado nanyonya, kwa hiyo nilitambaa, na uso wa mtu anayetambaa hauko mbali na udongo. Mpaka leo nikinusa tu naweza kukwambia kama udongo umelala na ukungu, kama majani yake yamechomwa juzi, kama una rutuba au umechoka. Nayasema haya mapema ili usianze kunionea huruma. Huruma nililishwa utotoni mpaka nikakinai.

Siku hizo Wajerumani walikuwa wanaleta reli Morogoro. Askari waliwachukua wanaume kwenda kuijenga, na kila mkono uliobaki nyumbani ulitakiwa shambani. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mjomba ndiye mgawaji. Binti akikaribia kuvunja ungo huonyeshwa kipande chake, na tangu hapo ana kauli: akiachwa au akifiwa, ana pa kurudi. Dada zangu wawili walikuwa wameshapata. Zamu yangu ilipokaribia, mjomba alimwambia mama mbele yangu, kana kwamba mimi ni kinu, "Huyu atapewa chakula. Shamba la nini, naye hawezi kusimama na jembe?"  Kesho yake mama alinifunga mgongoni, msichana mkubwa vile, akanipandisha mpaka misheni, kwenye nyumba ya kufundishia watoto wasiotembea, wasioona na wasiosikia.

Watu waliiita nyumba ya vilema. Wageni wakinitembelea hutaka niwasimulie kwamba kipofu alinibeba nami nikamwonyesha njia. Hapana. Yule kipofu wetu, Kosmasi, alikuwa na ulimi mkali, na tuligombana kutwa. Aliyetuweka pamoja ni Bibi Sabina, mjane wa Kiluguru, mwalimu wetu. Asubuhi alitufundisha kusoma, na jua likipoa alitupa majembe. Padri, Mjerumani mwenye moyo mwema, alikuwa ametutengea kipande tambarare kando ya kijito ili tusipate taabu. Taabu tuliipata hapo hapo. Ukikaa chini kwenye tambarare, jembe halina pa kushukia. Linakwaruza karibu na magoti yako tu, na ukilinyanyua sana linakuvuta nyuma. Kabichi zetu zilitoka kama ngumi za watoto wachanga. Wapita njia walitingisha vichwa na kusema, maskini, wamejitahidi.

Bibi Sabina alitutazama msimu mzima. Kisha akaufupisha mpini wa jembe langu, akanibeba mpaka mteremko mkali nyuma ya kanisa, akanikalisha nikiwa nimeelekea juu. Udongo ukawa mbele ya kifua changu. Nilinyanyua jembe kidogo tu, likazama, na bonge la udongo mweusi likaniangukia mapajani. Nililia kwa furaha, sioni aibu kusema. Miaka yote nilikuwa nimeinama kuifuata ardhi, na kumbe mlimani ardhi huinuka ikaja usawa wa mtu aliyekaa. Padri alikuja mbio akisema nitabingirika mpaka mtoni.

"Bwana Padri," Bibi Sabina alimwambia, "huyu hajaanguka tangu azaliwe. Wanaoanguka huku ni wanaosimama."

Padri alinung'unika, lakini mteremko tukapewa. Nikalima maharage na viazi, nikijivuta kwa makalio kutoka tuta hadi tuta, mpaka viganja vikawa vigumu. Masika yalipokaribia, ukoo ulikusanyika kwa mjomba kugawana mashamba. Nikamwomba mama anipeleke. Mjomba aliniona na jembe langu fupi akacheka, na wengine wakacheka kwa adabu.

"Shikamoo, mjomba. Nimekuja kuonyeshwa shamba langu."

Aliangalia watu, akaona haya kuninyima hadharani. "Basi utapata bondeni, penye maji," alisema. "Dada zako watakulimia."

Watu wakaguna, maana bonde lilikuwa ardhi nzuri kuliko zote. Mama alinifinya nishukuru. Nami nilielewa vizuri: watakaolima ndio watakaovuna, na mimi nitakaa mlangoni kusubiri sahani. Nikaonyesha genge, mteremko mkali uliokuwa juu ya nyumba, pori tupu. "Nataka lile."

"Lile linawashinda wenye miguu!"

"Linawashinda kwa sababu wanasimama, mjomba. Mimi nakaa."

Nikatambaa mpaka pale, jembe mdomoni, nikaanza. Nilijua nikishindwa sitaulizwa tena maishani. Nililima na sikugeuka nyuma, na vicheko vikaisha. Nilipogeuka hatimaye, mjomba alikuwa amekasirika kweli kweli, lakini alikuwa anachomeka vijiti mipakani. Shamba hilo limenilisha, limewasomesha wanangu, na mume aliyeniacha alikuta sina haja ya kumfuata.

Wajerumani waliondoka, Waingereza nao wakaondoka. Juzi nilialikwa kwenye shule mpya ya watoto wenye ulemavu, chini huku Bigwa. Sakafu ni saruji, kuna viti vya magurudumu, na kila mtoto ana sare. Nilifurahi, sina kinyongo. Watoto waliwaimbia wafadhili wimbo wa shukrani, mrefu ajabu. Nilipopewa nafasi ya kusema, niliwauliza nani kati yao ameonyeshwa shamba kwao. Hakuna aliyenyoosha mkono. Binti mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu alisema taratibu, "Bibi, kwetu wameshagawana. Mimi nimo huku shuleni."

Mwalimu mkuu alianza kupiga makofi ili tuendelee na ratiba. Nikamwambia angoje kwanza. Nikamuuliza yule binti mjomba wake anaitwa nani na kwao ni upande gani wa mlima. Jumatatu tunapanda, mimi na yeye, na wa kutubeba nimeshawapata.