Sauti Isiyo ya Salale

Mwaka ule mafuriko yalipozoa mpunga, tukala ugali wa makopa kwa uduvi hata siku ya Idi, ndio mwaka nilioazimisha kinywa changu. Shoga yangu wa Salale, kule delta, alikataa kuazimisha chake. Mwezi uliopita tumemzika.

Wasomaji wangu wa Kibiti mmeyaona yale maonyesho ya maisha ya delta. Unavaa hedifoni, unasimama mbele ya picha, na mtu wa kwenye picha anakusemesha mwenyewe: mkata mikoko, mrina asali, bibi mlinda mpunga. Ni jambo zuri, sipingi. Hata watoto watoro wa shule husimama pale kimya kama maji mtungini. Yule bibi alitakiwa awe shoga yangu. Mafundi wa kurekodi wakamsomea karatasi: "Maji yalipojaa, tulishikwa na hofu." Akaangua kicheko. "Nyie wanangu, maji ya bahari yakijaa ndio tunasafiri! Hofu ni yakitoka, mtumbwi umekaa kwenye tope na mgonjwa yumo ndani. Niacheni niseme mwenyewe." Wakamwambia karatasi imeshapitishwa, haibadiliki. Akainuka, akajifunga kanga yake vizuri. "Kinywa changu hakiazimwi."

Nikamcheka. "Shoga, unaringa na umri huu?" Nikakaa kwenye kiti chake, mimi wa Dimani, mbali na bahari, nisiyejua hata kushika kasia, nikaisoma karatasi yote. Wajukuu niliwapeleka mara tatu wakanisikilize. Darasa la nne langu hili, walimu wazima wananisikiliza! Kichwa kikavimba.

Matanga yalipokwisha, binti yake akaja. Kasikia kwenye maonyesho yupo bibi wa Salale anayesema, na kwao hakuna hata simu iliyobaki na sauti ya mama yake. Nikafuatana naye. Akavaa hedifoni, akafumba macho, akayafumbua. "Mama mdogo, mbona ni wewe? Na mbona unaogopa maji kujaa?"

Ningesema siku ile, "Msikilizeni kwanza, muandike baadaye," leo mtoto angekuwa na mama yake masikioni. Wiki hii mafundi wamenipigia: njoo turekodi upya, karatasi tumeirekebisha, kwa heshima ya marehemu. Nimewaambia waende Salale, wanawake wanaosubiri maji yajae bado wapo, mafundi wakasubiri pamoja nao, wawasikilize kwanza. Mimi? Kinywa changu hakiazimwi.