Swali la Ishirini na Saba

Kazi yake ilikuwa kuuliza, na wodi nzima ilimwita Mama Dodoso. Kabla ya hapo alikuwa mkunga kwa miaka kumi na minane, mpaka magoti yakamgomea. Daktari wa utafiti alipotafuta mtu wa kuzungumza na wanawake waliofiwa na watoto tumboni, mtu asiyeropoka wala kulia kabla ya mwenye msiba, wauguzi wote walimtaja yeye. Mumewe, mtu wa mizaha, alisema afadhali sasa atalipwa kwa kile alichokuwa akimfanyia yeye bure kila jioni.

Lakini haikuwa habari ya magoti peke yake. Miaka yote ile, mtoto akizaliwa kimya, alimfunika, akamshika mama bega, akasema kazi ya Mungu haina makosa, kisha akaenda kunawa mikono. Alilisema neno hilo mara nyingi hata akaanza kujionea haya. Hakuwa na ugomvi na Mungu. Alitaka tu kujua wanakufa kwa nini, na ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa akijua.

Dodoso lenyewe lilikuwa na maswali arobaini na manne. Kwa kila mama aliyefiwa, walitafutwa wawili waliojifungua salama wiki ileile, nao wakaulizwa mambo yaleyale kwa mpangilio uleule. Ukiwauliza waliofiwa tu, daktari alieleza, utajua walifanya nini, ila hutajua kama wenzao hawakufanya vilevile. Hata sauti ilitakiwa iwe moja kwa wote. Mama Dodoso alijizoeza mbele ya kioo cha kabati, mpaka binti yake akamwomba aache, maana alisikika kama tangazo la kukatika kwa maji.

La ishirini na saba ndilo lililompa taabu. Usiku wa mwisho wa mimba yako, ulilala vipi: chali au ubavu, na ubavu upi? Mwenye mtoto kifuani alilijibu huku akicheka. Aliyefiwa alilisikia kama shtaka. Ndiyo maana palikuwa na sheria isiyo na mjadala: mama anaulizwa akiwa peke yake, na mlango umefungwa.

Sheria hiyo aliivunja siku moja, kwa huruma tu. Siku hiyo alikuwa na msusi mmoja kijana, mimba ya kwanza, aliyejifungua mtoto wa kike asiye na uhai wiki ya thelathini na saba. Alisindikizwa na mama mkwe wake, fundi cherehani, miguu imemvimba, na mabenchi ya nje yalikuwa yamejaa. "Ingia ukae, mama," Mama Dodoso alimwambia. Yule mama akakaa pembeni, karibu na maboksi ya glavu, akafumba macho. Mtu angedhani amesinzia.

"Chali," msusi alijibu swali lilipofika. "Mgongo ulikuwa unaniuma, nikilala ubavu sipati usingizi."

Mama Dodoso akatia alama, akaendelea na la ishirini na nane.

Wiki sita baadaye msusi alirudi kupimwa presha. Alikuwa amekonda, na nywele zake mwenyewe hazikuwa zimesukwa.

"Mama, lile swali la kulala," alisema. "Ndiyo kusema nilimlalia mtoto?"

"Nani kakwambia hivyo?"

"Mama mkwe. Anasema hospitali wenyewe wameliona kosa, ndiyo maana wakaniuliza. Mume wangu kanyamaza tu. Jumapili wananirudisha kwetu, eti nikapumzike."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mama Dodoso alikwenda kwa daktari akakiri. Daktari aliyafuta mahojiano yale kwenye hesabu ya utafiti, akamwonya asipeleke mambo ya kazi majumbani mwa watu. Alimwitikia vizuri kabisa. Jumamosi akaacha kitambulisho chake mezani, akaenda.

Alimkuta mama mkwe barazani, kwenye cherehani, anashona sare za shule. Msusi alikuwa ndani, anakunja nguo zake, na mlango ulikuwa wazi.

"Mama, nimekuja kuomba radhi," Mama Dodoso alisema. "Kosa ni langu. Mkweo sikutakiwa kumuuliza ukiwepo."

"Kosa ni kwamba nilisikia, au kwamba alilala chali?" Mama mkwe hakuinua macho. "Msingeuliza kama hakuna kitu."

"Tunauliza kwa sababu hatujui. Swali hilo nimewauliza wengi. Wapo waliolala chali, na watoto wao wananyonya sasa hivi. Wapo waliolala ubavu na wamezika. Huenda hesabu ikaja kutuonyesha jambo la kuwaambia wengine mapema. Lakini kwa nini huyu wenu alikufa, mimi sijui, mama, na wewe hujui."

Cherehani ilisimama. Mama mkwe alikata uzi kwa meno, akautoa ukosi wa shati aliokuwa akiushona.

"Wa zamani hamtuulizi?"

"Wa mwaka huu tu."

"Maana wangu wa kwanza alizaliwa kimya. Kabla ya huyu mwanangu." Alizungumza akiutazama ukosi. "Na mimi nililala ubavu, wa kushoto, kama mkunga alivyoniambia. Mama mkwe wangu akasema nilibeba ndoo nzito ya maji. Miaka thelathini na minne hii, nikichota, ndoo siijazi." Kisha akamtazama mgeni wake. "Ilikuwa ndoo?"

Mama Dodoso alilihisi lile neno lake la miaka kumi na minane likimjia mdomoni lenyewe. Akalimeza. Lilimuuma kulimeza.

"Sidhani, mama. Lakini sijui. Na hata yeye aliyekwambia hakujua."

Mama mkwe alitikisa kichwa polepole. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yatiririke. Msusi alikuwa amefika mlangoni, blauzi moja bado mkononi. Miaka mitatu ndani ya nyumba ile, habari hiyo hakuwahi kuisikia.

"Alifanana na nani, mama?" aliuliza.

"Na mumeo. Masikio yaleyale." Akaziondoa sare kwenye benchi, akapangusa nafasi kwa kiganja. "Kaa hapa. Kwenu utakwenda siku ukipakumbuka mwenyewe. Na huyo wako, mwanangu, hebu nieleze alikuwaje, maana siku ile sikukubali kumwangalia."