Nilivyoifagia Kompyuta Asubuhi ya Sendofu ya Tumaini

Mpaka leo nikipita Mahongole huwa naangalia upande wa pili wa barabara, maana ukumbi ule bado upo, na aibu niliyoipatia humo naijua mwenyewe (na wageni wote waliokuwepo).

Ilikuwa sendofu ya Tumaini, binti wa mama mdogo. Baba yake alikuwa amelazwa hospitali ya Tandala, hawezi kusafiri, kwa hiyo familia ikapanga amuage binti yake kwa video, ukumbi mzima ukimwona ukutani. Kazi nikapewa mimi, fundi kompyuta wa ukoo, mwenye ofisi Njombe mjini, na kwa kweli nilikuwa nimeshaijaribu laptopu yangu ya Linux na ilikuwa haina tatizo.

Ningeishia hapo. Lakini asubuhi ile, nikisubiri muda wa gari la Makambako la kunifikisha Mahongole, nikaingiwa na hamu ya usafi. Linux, mfumo unaoiendesha laptopu yangu, hukumbuka programu ulizoziomba mwenyewe na zile zilizokuja zikizifuata, na mimi napenda orodha ya nilizoziomba iwe fupi, basi tu, ndio ugonjwa wangu. Nikaona jina moja ambalo sikukumbuka kuliomba, nikalihamishia kwenye wafuasi, yaani zile zilizokuja zikifuata, kisha nikaiamuru mashine ifute wafuasi wote wasio na mwenyewe, wasiohitajiwa na programu yoyote niliyoiomba. Ikaleta majina skrini nzima ikiuliza kama nina hakika, nikajibu ndiyo bila kusoma, nikazima, nikapanda gari na amani yangu.

Kumbe jina lile ndilo lililoshikilia madirisha, picha na mtandao; nilipolishusha, vyote vikakosa mwenyewe vikafutwa nalo. Ukumbini nilipowasha, ukuta ukawa mweusi, na mstari mmoja mweupe ukiniuliza jina langu. Kwa haraka nikaandika nywila mahali pa jina, na mahali pale herufi hazifichwi, kwa hiyo mshereheshaji akaisoma kwenye kipaza sauti, taratibu, kama anayesoma tangazo: fundihashindwi.

Watu walicheka mpaka wazee wa upande wa bwana harusi wakafuta machozi. Mimi nikaendelea kubofya, ingawa nilishajua kwamba bila mtandao sina pa kupata tena nilivyofuta. Nikapendekeza wamwone baba mdogo kwenye simu yangu. Mama mdogo akaja karibu.

“Ezekieli, mwanangu, acha. Ukumbi mzima utachunguliaje kwenye kiganja? Baba yako mdogo anachoka kusubiri.”

Akampigia kwa simu yake ya kitochi, akaisogeza kwenye kipaza sauti. Baba mdogo, asijue kwamba anasikika kila kona, akauliza, “Huyo fundi wenu bado anahangaika? Mwambieni akae ale.” Kicheko kikaanza upya. Kisha akaambiwa aanze, akasema, “Kamwene,” salamu ya kwetu, ukumbi ukaitikia. Akambariki binti yake kwa maneno machache, na Tumaini akalia amesimama na gauni ambalo baba yake hakuliona.

Baadaye nilimpelekea picha hospitalini. Aliziangalia moja moja, akarudia ya gauni, ndipo akataka kujua kwenye mashine kulitokea nini. Nikamweleza yote, hata ile hamu ya orodha fupi.

“Kwa hiyo hicho ulichokifuta hukukijua.”

“Ndiyo, baba. Sikukijua.”

Akatikisa kichwa, akaomba nimwachie picha ya gauni. Tangu siku hiyo mashine ikiniuliza kama nina hakika, nasoma majina yote mpaka la mwisho, na nisilolijua nalirudisha mahali pake, hata orodha ikiwa ndefu ya kutia aibu.