Nguzo ya Turubai Siku ya Uchaguzi wa Tawi

Mke wangu alimwangusha kaka yangu uenyekiti, na kura iliyomwangusha ilikuwa yangu.

Na mimi sikupiga kura.

Someni taratibu. Msianze kunishushua kwenye maoni kabla hamjafika mwisho.

Kazi yangu ni kukodisha maturubai. Harusi, msiba, mkutano, popote watu wanapotaka kivuli, mimi nipo. Shule niliachia njiani baba alipofariki. Kaka ndiye aliyenilea, na turubai langu la kwanza alininunulia yeye. Hilo mlishike.

Kaka alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama tangu mimi sijaota ndevu. Hata wanawe walimwita Mwenyekiti. Tawi lilikuwa yeye, katibu wake, na wazee wenzao waliokutana kila mwezi kupongezana.

Mke wangu ni msusi. Saluni yake ina kioo kimoja na midomo isiyohesabika. Uasi ulianzia pale. Mwanamke anaingia na nywele zake, anatoka na msimamo.

Wateja wake wakambatiza mke wangu jina la Wembe. Wakashona fulana zimeandikwa KITI SI KITANDA.

Siku moja tunakula, akaniambia, "Mume wangu, nagombea."

"Unagombea nini?"

"Uenyekiti."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Kesho yake kaka akanifuata kazini.

"Mdogo wangu, huyo mkeo mtulize."

"Kaka, hebu jaribu wewe. Mimi nilishindwa tangu fungate."

"Unaleta mzaha? Chama kina wenyewe."

Jioni narudi nyumbani, Wembe ananisubiri mlangoni, mikono kiunoni.

"Shemeji alikuja kwako?"

"Alipita tu."

"Na siku ya siku utasimama nyuma ya nani?"

Hapo ndipo penye kasheshe. Tawi letu halipigi kura ya siri. Wagombea wanasimama mbele, wanaowataka wanajipanga nyuma yao, msimamizi anahesabu vichwa akigusa mabega. Wazee wanauita utaratibu wa uwazi.

Uwazi gani? Ukimpa mtu mgongo, anakuona mpaka mkweo.

Nikisimama nyuma ya kaka, nitarudi kulala wapi? Nikisimama nyuma ya mke wangu, nitamtazama vipi mtu aliyenivalisha viatu?

Nikakuna kichwa mpaka nikapata jibu. Nguzo! Turubai la mkutano ni langu, na mshika nguzo hajipangi mstari.

Ua wa ofisi ya chama ni zege tupu, huwezi kupigilia vigingi. Nguzo zangu huwa nazishikiza kwa ndoo za mchanga. Siku ile nikaacha ndoo moja nyumbani makusudi.

"Hii nguzo lazima ishikwe," nikawatangazia. "Upepo mkali."

Jani halikutikisika. Lakini nani atabishana na fundi?

Kaka alifika mapema, suti imenyooka, akaanza kuniamrisha.

"Turubai likae hivi. Kivuli kije upande wangu na wazee. Hao wa fulana waachie jua, wana damu ya moto."

Nikalifunga alivyotaka. Ofisi ni yake, hotuba yake, kivuli chake.

Ratiba ilisema mwenyekiti afungue mkutano kwa maneno machache, kisha watu wajipange.

Jamani, maneno machache!

Kaka alianzia chama kilipoasisiwa. Akawakumbuka waasisi, akawakumbuka wajane wa waasisi. Akaeleza choo cha ofisi kilivyopatikana, nani alileta mlango, nani alileta bawaba. Katibu wake akapiga makofi, akasinzia, akaamka, akapiga tena makofi.

Kina Wembe walikuwa wanaungua upande wa pili, kanga kichwani, wanaguna.

"Kiti si kitanda!" mmoja akapaza sauti.

"Nyamazeni, wahuni nyie!" Katibu akafoka. "Mnajua chama kilikotoka?"

"Tunajua, tuko nacho hapa juani tangu kilipotoka!"

Watu wakacheka. Kaka akakasirika, na kaka akikasirika hotuba inarefuka.

Mimi nilikuwa nimekumbatia nguzo yangu, sina habari. Kumbe jua nalo lina ratiba yake, na halimsubiri mwenyekiti. Lilipanda, likapita utosini, likaanza kushuka upande wa pili. Kivuli kikahama taratibu kama mpangaji anayedaiwa kodi.

Kaka alipomaliza, wazee wote walikuwa juani. Kivuli chote kilikuwa kwa Wembe.

"Wagombea simameni mlipo!" msimamizi akaamuru. Alikuwa ametumwa kutoka makao makuu na alionekana kutaka kurudi huko upesi. "Wanachama jipangeni!"

Wazee wakajipanga nyuma ya kaka, wakipepea kofia. Msimamizi akaanza kubishana na mtu kuhusu kadi. Jua likawachoma. Mzee mmoja akatoka kwenye mstari, akavuka.

"Nakaa kidogo tu," akasema.

Akafuata mwingine. "Presha hii, jamani."

Kisha akavuka Katibu! Katibu mwenyewe, na kigoda chake, huku akijifuta jasho.

"Katibu, unakwenda wapi?" kaka akamwita.

"Niko na wewe, Mwenyekiti! Moyo wangu uko huko. Ni kichwa tu nimekileta kivulini."

Msimamizi hakuhesabu mioyo. Alihesabu vichwa.

Alihesabu upande wa kaka. Akaja upande wa Wembe, anagusa bega baada ya bega, mstari umeongezeka mpaka umenizunguka mimi na nguzo yangu. Akanigusa bega.

"Mimi simo," nikamwambia. "Nashika nguzo."

"Kadi unayo?"

"Ninayo, lakini..."

"Umesimama wapi?"

Nikatazama mbele. Kisogo cha mke wangu. Nikatazama nyuma. Katibu kwenye kigoda.

"Basi umo," akasema, akaendelea.

Wembe alishinda kwa kura moja.

Fulana zikarushwa hewani. Mke wangu akanikumbatia pamoja na nguzo, machozi yanamtoka. "Kumbe ulikuwa na mimi siku zote!"

Nikazidi kuikumbatia nguzo.

Kaka akaja. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma.

"Turubai langu," akasema. "Umeniangusha kwa turubai nililokununulia mimi."

Akaondoka. Tangu siku ile hakukanyaga kwangu. Tukikutana njiani, alimsalimia mbwa wangu.

Sasa sikieni yaliyofuata.

Uchaguzi umerudi, ni Jumamosi hii. Mwenyekiti Wembe siku hizi ana suti. Ana hotuba pia. Juzi aliifanyia mazoezi chumbani, nikalala, nikaamka, bado yuko kwenye historia ya saluni.

"Mume wangu," akaniambia, "hawa vijana wanaonipinga hawaheshimu uzoefu. Chama kina wenyewe."

Nikauliza, "Vijana gani?"

Jana mlango ukagongwa. Nafungua, kaka! Amevaa fulana, kitambi kimeivuta mpaka maandishi yamepinda: KITI SI KITANDA.

"Mdogo wangu," akasema, kama vile tuliachana jana. "Nagombea tena. Tunataka mageuzi. Hebu nieleze, kuanzia mchana kivuli kinaangukia wapi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka. Nilikuwa nimemkumbuka sana kaka yangu, acheni tu.

Lakini nikamwambia, na usiku nikamwambia na mke wangu: safari hii nguzo zote zina ndoo. Hakuna ya kushika.

Nimejifunza hivi. Ukijifanya huna upande, watakuhesabu pale watakapokukuta, na utalipia kura usiyoipiga. Afadhali usimame kwa miguu yako, mtu akununie kwa jambo ulilolifanya kweli.

Jumamosi nitasimama nyuma ya nani?

Nimewaalika wote wawili chakula cha mchana kesho. Watasikia wao kwanza, mezani kwangu, nikiwatazama machoni.

Nyie mtasubiri.