Mpaka Chuma Kinyamaze

Kuna siku moja ya vile vita ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, na wala si kwa sababu ya bunduki. Jana ulinionyesha kwenye kompyuta mchoro wa baiskeli ya walemavu, ukaniuliza kwa nini utoboe matundu baada ya kuchomelea, wakati kutoboa bati likiwa bado bapa ni rahisi zaidi. Nilicheka, usinione vibaya. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi, tena kwa kelele kuliko wewe.

Shangazi yako Asina alikuwa amepoteza mguu kwa risasi ambayo hata hatujui ilitoka upande gani. Treni hazikuwa zikifika tena hapa Kindu, na mwenye haja ya kwenda mahali alikwenda kwa miguu. Nilimbeba mgongoni mpaka bandarini, mpaka kwa mama mkubwa, mpaka asubuhi moja alipokataa.

“Sitabebwa tena sawa muzigo,” alisema.

Tangu hapo hakuvuka mlango. Alikaa kizingitini, akila kidogo na kujibu kidogo, na mimi nikaona dada yangu anatuacha huku akiwa bado anapumua. Niliogopa sana, mwanangu.

Jirani yetu Mzee Amuri alikuwa fundi wa kuchomelea, na ua wake ulitazamana na mlango wetu. Alikubali kumtengenezea Asina baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayozungushwa kwa mikono. Vyuma tuliviokota huku na huku. Shida ilikuwa mafuta ya jenereta: tulipata ya kutosha kuchomelea na kutoboa siku moja tu, na yakiisha, hakuna mengine.

Mzee alichomelea uma wa gurudumu la mbele, mabati mawili yaliyosimama kwenye bomba moja. Ekseli ya gurudumu ilitakiwa kupita kwenye matundu ya yote mawili, imenyooka kabisa, maana ikikaa upande kidogo tu baiskeli ingemvuta Asina kwenye mtaro. Nilikuwa nimekwisha shika mashine ya kutobolea.

“Muzee, tutoboe sasa! Mafuta iko inaisha!”

“Weka chini,” alisema bila hata kunitazama. “Chuma iko inalia bado. Ngoja inyamaze, njo utatoboa.”

“Basi tungetoboa mbele ya kusude!” nilifoka, yaani kabla ya kuchomelea.

“Ungetoboa mbele, moto ingevuta bati, na tundu ingefwata. Moya ingetazama huku, ingine kule.”

Nikatega sikio. Kweli, chuma kile kilikuwa kikipoa kwa milio midogo midogo, tik, tik, na mabati yale yalikuwa yakijivuta polepole kuelekeana. Jenereta ikakohoa, ikazima. Nilitaka kulia kwa hasira. Hapo ndipo tuliposikia sauti ya Asina kutoka kizingitini. Tulikuwa karibu tumesahau sauti hiyo.

“Kumbe hata chuma inalia?”

“Inalia, binti yangu,” Mzee akamjibu. “Imepita mu moto. Hatuiombe kitu kwanza. Tunakaa tu karibu yake.”

Asina akafunika uso kwa kitenge, akalia. Hakuwa amelia tangu siku ya mguu. Mama alitaka kukimbia kumnyamazisha, Mzee akamzuia kwa mkono. Tukakaa naye wote pale chini mpaka alipomaliza.

Kesho yake tulitoboa kwa kekee ya mkono, bati la kwanza na la pili kwa mpito mmoja. Viganja vyangu vilichubuka. Asina ndiye aliyetushikia uma usitikisike, na ekseli ikaingia bila kugongwa. Wiki ile ile alijiendesha mwenyewe mpaka bandarini kununua samaki. Mimi nilikatazwa kumfuata.

Kwa hiyo, mwanangu, kila bati lichore likiwa zima, bila tundu. Yaunganishe kwanza kwenye mchoro, uweke na mistari ya kuchomelea, kisha ndipo uchore tundu moja linalopita yote mawili kwa pamoja. Programu yako ina nafasi ya kazi hiyo ya baada ya moto, itumie. Mchoro wa bati peke yake utabaki safi, na mkata bati hatatoboa kitu kabla ya wakati. Pale patakaposawazishwa kwa mashine, acha unene wa ziada kidogo. Usiseme ni kazi mara mbili.

Na mtu aliyetoka kwenye moto, awe mume wako, awe mwanao, usimdai anyooke siku ile ile. Kaa karibu naye tu.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na kila atakayeketi juu ya kazi yako afike alikokusudia bila kubebwa na mtu.